Kuhamisha Programu Kuukuu

(Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Katibu ameniomba niseme juu ya kazi yangu, akanionya nisizidishe dakika 10 kwa kuwa pilau linangoja. Kazi yangu ni kuzitoa programu za kompyuta katika lugha na mashine za zamani na kuzitia katika za kisasa. Wengi hudhani ni kunakili tu, kama karani anayehamisha hesabu kutoka daftari lililojaa. Mimi nami nilidhani hivyo, na kosa langu likawaumiza watu ambao hawakunikosea lolote. Ndilo nitakalolisema.

Vijana mnaobeba kompyuta mfukoni mtacheka, lakini nchi yetu iliwahi kuziogopa mashine hizi. Kompyuta ya kwanza ya Serikali, ICT 1500, ilifungwa Hazina mwaka 1965. Hesabu za Serikali zilizotiwa katika mashine za miaka ile zikaleta vurugu badala ya nafuu, na mwaka 1974 ikapigwa marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo ilikuja kulegezwa katika miaka ya 1980.

Ndipo kampuni moja ya mkonge ya mkoa wetu, ambayo sitaitaja, ilipoandikiwa programu ya mishahara kwa Clipper, lugha iliyotumika sana kwenye mashine za DOS. Ilifanya kazi zaidi ya miaka 20. Kioo cheusi, herufi nyeupe, printa ikilia kama msumeno. Lakini siku ya malipo haikukosea.

Mwaka 2011 kompyuta za ofisi ile zilikuwa zikifa moja moja. Mpya zilizonunuliwa zilikuwa na Windows ya biti 64, na Windows ya namna hiyo haiendeshi kabisa programu za DOS za biti 16. Nikaitwa mimi. Aliyeiandika programu alikwisha fariki. Aliacha mistari elfu nne hivi bila neno la maelezo, na kwa kuwa Clipper ilitambua herufi 10 tu za mwanzo za kila jina, majina yote yalikuwa yamekatwakatwa kama mihogo.

Katikati yake nikakuta maagizo ya ajabu. Namba ya faili ikianza na herufi K, programu ifungue jalada jingine, ihesabu kumbukumbu zilizomo, igawanye kwa 12, kisha iongeze jibu kwenye miaka ya utumishi. Hapakuwa na mtumishi mpya hata mmoja mwenye K. Nilimwuliza kijana wa uhasibu, naye hakujua. Nikaona ni takataka iliyosahauliwa, nikaiacha nje.

Msidhani sikupima. Miezi miwili mizima tuliendesha programu zote mbili sambamba, tukalinganisha hati za mishahara, shilingi kwa shilingi. Hazikupishana hata moja. Nikalipwa, nikashukuru, nikarudi nyumbani.

Miezi sita baadaye akaja mzee mmoja kutoka upande wa Muheza, na mfuko wa plastiki mkononi. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akaketi, akaniwekea mezani karatasi ya kiinua mgongo chake.

“Mwanangu,” akasema, “karatasi hii yasema nimeanza kazi nikiwa na watoto wanne. Hao watoto niliwalisha nini?”

Kisha akaumimina ule mfuko. Zilikuwa kadi za kipande.

Wazee mliomo humu mnazijua. Kwa vijana niseme: mkata mkonge wa zamani alihesabiwa kwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku usiyokwenda shambani haikuandikwa; ukiijaza kadi, ndipo ulipwe. K ilikuwa Kipande. Watu hawa walipofanywa watumishi wa kudumu, kampuni ile ilikubali kwamba kila vipande 12 vilivyojazwa vihesabiwe mwaka mmoja. Mwandishi wa programu alilitia jambo hilo katika yale maagizo. Katika mshahara wa mwezi halikuwa na kazi yoyote; liliamka siku mtu anapostaafu tu. Ndiyo maana vipimo vyangu vya miezi miwili havikuona kitu. Katika miezi ile hakustaafu mtu.

Mzee yule nilikuwa nimemnyang'anya miaka tisa. Tulipotafuta tukakuta 11 waliopunjwa. Kampuni ililipa pungufu lote, lakini wawili walikwisha rudi kwao. Mmoja tulimpata Kasulu. Wa pili alikuwa amefariki, fedha ikapokelewa na mjane wake.

Siku hizi, kabla sijagusa programu ya mtu, huuliza kwanza karani gani amestaafu na anakaa wapi. Nimekaa vibarazani Ngamiani na Makorora nikiwasomea wazee mistari ya kompyuta, nao wakinieleza sababu yake kuliko mhandisi yeyote. Na sipimi tena kwa hati za mwezi huu peke yake. Huomba mafaili yaliyofungwa: mstaafu, marehemu, aliyefukuzwa kisha akarudishwa, mwanamke aliyebadili jina baada ya ndoa. Nayapitisha katika programu ya zamani, nikiiendesha ndani ya nyingine inayoiga DOS, halafu katika mpya. Yakipishana, sisemi ya zamani imekosea mpaka nimepata mtu wa kunieleza.

Ile programu ya Clipper nimeipiga chapa kwa ruhusa ya wenyewe, majina ya watu yakiwa yamefutwa, nami namkabidhi mwalimu wa kompyuta. Kidato cha Tatu mkitaka kujaribu kuihamisha, karibuni. Maagizo ya K yako ukurasa wa 31. Naona Katibu anatazama saa.