Kozi Usiyoweza Kuisoma Peke Yako: Mhadhara kuhusu Uchaguzi wa Kozi za Hiari katika Uhandisi Mitambo



Kwa desturi, mhadhara wa uprofesa huwa wa kueleza utafiti wa mhusika. Niliomba ruhusa nizungumzie jambo jingine, ambalo kila mwaka huamuliwa na vijana wa miaka 21 au 22, mara nyingi kwa dakika chache, siku ya mwisho ya usajili. Nasema juu ya uchaguzi wa kozi za hiari. Sehemu kubwa ya miaka minne ya uhandisi mitambo mwanafunzi haichagui. Hisabati, uchoraji, mekanika, themodinamiki, mekanika ya viowevu, sayansi ya vifaa na usanifu wa mashine vinamsubiri pale pale, awe Dar es Salaam au Kampala, na ndivyo inavyotakiwa iwe. Kozi za hiari ndipo mahali pekee anapoulizwa yeye mwenyewe anataka kuwa mhandisi wa namna gani. Inanisikitisha kuona swali hilo likijibiwa kwa haraka.

Wanafunzi, nawajua mnavyochagua, kwa sababu mnakuja ofisini kwangu kutaka saini. Wapo wanaoifuata kozi ambayo mwalimu wake anasifika kwa kutoa A. Wapo wanaowafuata marafiki wa bweni moja. Na wapo wanaolifuata soko, yaani kazi iliyosemwa sana kwenye habari za mwaka huo.

Tuanze na hao wa alama, maana hofu yao ina msingi. Daraja la kwanza linaanzia GPA ya 4.4, na kijana anayelenga ufadhili wa shahada ya uzamili hawezi kujifanya halioni. Lakini tufanye hesabu, sisi ni wahandisi. Shahada ya miaka minne ina krediti zisizopungua 480. Kozi ya hiari ya krediti 12 ni sehemu moja kati ya 40. Katika mfumo ambao A ni pointi 5, B+ ni 4 na B ni 3, ukiacha kozi rahisi ambayo ungepata A, ukachukua ngumu ukapata B, GPA yako inashuka kwa 0.05. Ukipata B+, inashuka kwa 0.025. Hiyo ndiyo bei yote ya kozi ngumu. Mwenye 4.41 ana haki ya kuiogopa. Mwenye 3.8 anayeikimbia kozi ya mitetemo kwa ajili ya 0.05 ameuza kitu cha thamani kwa bei ya kutupa.

Wa soko nitakaa nao zaidi, kwa sababu hao huonekana werevu, na sisi walimu, wazazi na magazeti ndio tunaowapa ushauri huo.

Kuanzia mwaka 2010, visima vilivyochimbwa kwenye kina kirefu cha bahari kusini mwa pwani yetu ya Tanzania vilionesha gesi nyingi. Kiwanda cha kugeuza gesi hiyo kuwa kimiminika, kilichokusudiwa kujengwa Lindi, kikawa gumzo la nchi nzima. Vyuo vikaanzisha programu za mafuta na gesi. Wanafunzi wa mitambo wakakimbilia kila kozi yenye neno gesi kwenye jina lake. Vijana hao wamehitimu, wameoa na kuolewa, wana watoto wanaosoma shule ya msingi, na kiwanda hakijajengwa. Kazi nyingine kubwa ndizo zilizokuja. Mwaka 2017 ulianza ujenzi wa reli ya kisasa, na mwaka 2024 treni za umeme zikaanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Kwenye Mto Rufiji, Bwawa la Julius Nyerere likafungwa mitambo 9 ya kufua umeme, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Mwaka 2012 sikumwona mwanafunzi hata mmoja akiniulizia kozi ya magurudumu ya treni.

Mradi mkubwa huchelewa, huhamishwa, au huja na wataalamu wake. Kazi ya mhandisi ni ya miaka 35 hivi. Hakuna anayeweza kukuambia leo nchi itakuwa inajenga nini utakapokuwa na miaka 45. Kinachojulikana ni kwamba chuma kitaendelea kuchoka kwa mizigo inayojirudia. August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alilionesha hilo katikati ya karne ya 19 kwa kuzijaribu ekseli za mabehewa: ekseli iliweza kukatika kwa mzigo mdogo kuliko ule ambao ingeuhimili mara moja, ilimradi mzigo urudiwe vya kutosha. Aliyeielewa vizuri kozi ya uchovu wa metali ana la kufanya kwenye gurudumu la treni, ambalo mguso wake na reli ni wa eneo dogo, kiasi cha sentimita moja ya mraba. Ana la kufanya pia kwenye turbini ya Rufiji, na kwenye kiungo cha bomba la gesi kilichochomelewa. Aliyesoma majina ya mitambo ya kiwanda cha gesi ambacho hakijajengwa, amebaki na majina.

Basi mtu achague kwa kipimo gani? Changu ni hiki: chukua kozi ambayo hutaweza kuisoma peke yako ukishaondoka hapa. Jiulize, nikiwa na kompyuta, umeme na bando, nikiwa nimepangiwa kazi Mpanda au Newala, naweza kulijua somo hili kwa miezi mitatu ya jioni? Kama jibu ni ndiyo, usilipe krediti 12 kwa ajili yake. Programu za kuchora kwa kompyuta nyingi ziko kundi hilo. Mtazijua, na ni lazima mzijue, lakini mafunzo yake yamejaa mtandaoni na toleo jipya huja kila mwaka. Hadubini ya metali, mashine ya kuvuta chuma hadi kikatike, handaki la upepo, na mwalimu anayeweza kukuuliza swali la pili baada ya jibu lako la kwanza, hivyo havitakufuata Mpanda.

Niwaoneshe maana yake kwa mashine moja. Kiwanda kimoja nilichokitembelea kilikuwa na pampu ya maji ya kupozea: mota ya mizunguko 1,480 kwa dakika, kaplingi, halafu pampu. Beringi ya upande wa kaplingi ilikuwa inakufa kabla ya wakati wake. Mafundi walibadilisha beringi, wakabadilisha kampuni inayoziuza, wakabadilisha grisi. Mhandisi kijana aliyekuwa zamu alikuwa amechukua mitetemo kama kozi ya hiari. Akaweka kihisi juu ya kasha la beringi, akapima pande tatu: wima, mlalo, na kwa urefu wa shafti. Mizunguko 1,480 kwa dakika ni kama mara 24.7 kwa sekunde, karibu 25. Kama impela ingekuwa na uzito usiolingana, mtetemo mkubwa ungejitokeza hapo kwenye 25. Yeye aliona kilele kirefu kwenye 49, yaani mara mbili ya mwendo wa shafti, na nguvu yake ilikuwa kubwa zaidi kwa urefu wa shafti. Dalili hiyo kwa kawaida huelekeza kwenye shafti mbili zisizokaa katika mstari mmoja. Wakalegeza boliti za mota, wakaweka vibati vyembamba chini ya miguu yake, wakapima upya, wakakaza. Kilele kikashuka siku hiyohiyo.

Katika kiwanda kile kila mhandisi alijua kwamba uhai wa beringi ya gololi hupungua kwa kipeo cha tatu cha mzigo, kiasi kwamba mzigo ukiwa maradufu, uhai hubaki moja ya nane. Fomula hiyo imo kwenye usanifu wa mashine, kozi ya lazima. Hata hivyo fomula haisemi mzigo wa ziada unatoka wapi. Kijana yule alikuwa amesimama maabara wakati mwalimu akiisogeza mota kwa makusudi, nusu milimita, na akauona mchoro ukibadilika mbele ya macho yake. Wenzake wenye GPA nzuri kuliko yake walikuwa hawajauona.

Kipimo changu kina upungufu mmoja, na ni haki niuseme. Kozi moja ngumu ikisimama pekee haijengi uwezo. Mwanafunzi anayechukua uchovu wa metali muhula mmoja, uendeshaji wa miradi muhula unaofuata, na majokofu muhula wa mwisho, anatoka na vionjo vitatu. Chagueni mbili au tatu zinazoshikana, na mradi wenu wa mwaka wa nne uziunganishe.

Kwa mfano, angalieni bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, kuja Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Mafuta yale yana nta nyingi, yakipoa yanaganda, kwa hiyo bomba limesanifiwa kuyaweka kwenye nyuzi 50 za sentigredi au zaidi. Linavikwa tabaka la kuzuia joto lisipotee, na linapashwa kwa nyaya za umeme. Mhandisi wa mitambo anayeingia kwenye kazi ya namna hiyo lazima ajue joto linavyohama kutoka kwenye mafuta hadi kwenye udongo. Ajue pia unato wa mafuta unavyopanda yanapopoa, na jinsi unavyobadili nguvu inayotakiwa kwenye pampu. Halafu kuna kutu, kwa sababu chuma chenye joto chini ya tabaka lililovuja maji huliwa upesi. Kozi tatu hizo, uhamaji wa joto, viowevu vya daraja la juu na kutu ya metali, kila moja ni ya kawaida ikiwa peke yake. Zikiwa kichwani mwa mtu mmoja, huyo anaweza kukaa mezani na mtaalamu yeyote wa kigeni akaulizwa na akajibu. Na siku bomba hilo likiacha kuwa habari, maarifa hayo yatamfaa kwenye boila ya kiwanda cha sukari na kwenye mitambo ya jotoardhi ya Olkaria, Kenya.

Kozi moja, moja tu, itoke nje ya idara. Wengi wenu mtasukumwa kwenye ujasiriamali. Mimi natetea mashine za umeme na udhibiti wake, na nitawapa sababu ya shilingi. Katika pampu ya msukumo wa mduara, nguvu inayoliwa hufuata kipeo cha tatu cha mwendo. Pale ambapo kazi kubwa ya pampu ni kushinda msuguano wa bomba, ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, umeme unaotumika hushuka hadi karibu asilimia 51. Kifaa kinachopunguza mwendo huo, ambacho mafundi hukiita inveta, kiko mikononi mwa mtu wa umeme, na mtu wa umeme haijui pampu. Anayezijua zote mbili anaweza kumwonesha mwenye kiwanda, kwa tarakimu, sehemu ya bili yake ambayo hakupaswa kuilipa. Nimeona viwanda vingi ambako maji ya ziada yanabanwa kwa valvu mwaka mzima huku mota ikikimbia kwa mwendo wake wote, na inaniuma.

Kwenu mabinti, nina neno la pembeni. Mmekuwa mkishauriwa, kwa upole na kwa nia njema, mchukue kozi za upangaji na uendeshaji kwa sababu karakana ni nzito. Mkizipenda, chukueni. Lakini mwanafunzi wa kike aliyepita kozi ya lazima ya karakana, akakereza shafti hadi vipimo vikakubali, hana uzito mwingine wa kuthibitisha kwa mtu yeyote. Mshauri anayekuondoa kwenye mashine kwa sababu ya jinsia yako amekosea, hata akiwa profesa.

Niligeukie sasa jukwaa hili nililosimama juu yake, yaani sisi walimu na vyuo vyetu. Mwanafunzi hawezi kuchagua vizuri kitu ambacho hajui kama kipo. Katika vyuo vyetu vingi, kitabu cha programu huorodhesha kozi za hiari nyingi kuliko walimu wanaoweza kuzifundisha. Mwanafunzi anapanga mwaka wake wa nne juu ya kozi ya tribolojia, elimu ya msuguano na ulainishaji, halafu wiki ya kwanza ya muhula anaambiwa mwalimu yuko masomoni ng'ambo au waliojiandikisha ni wachache. Anachukua kilichobaki. Huwezi kumlaumu kijana huyo kwa kuchagua vibaya.

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, naomba kila idara ya uhandisi ibandike, kabla mwaka wa pili haujaisha, orodha ya kozi za hiari zitakazofundishwa kweli katika miaka miwili inayofuata, ikiwa na jina la mwalimu, masomo yanayotangulia, na mashine za maabara zitakazotumika, zikiwa nzima. Kozi isiyo na mwalimu wala maabara iondolewe kitabuni mpaka itakapovipata. Na nyinyi wanafunzi, kabla ya kuleta fomu nisaini, nendeni maabara ya kozi mnayoitaka, muulizeni fundi sanifu mashine ipi ilifanya kazi muhula uliopita, na mwombeni awaoneshe. Nitasaini fomu ya yule aliyekwenda.