Mwenyeji na mhamiaji wakae darasa moja

(Haya ni maelezo ya mwandishi wetu mbele ya viongozi wa matawi na vikundi vya uzalishaji mali, mjini Musoma.)

Nimetakiwa nizungumze juu ya namna jamii inavyoweza kuwasaidia wahamiaji na wenyeji wapate ujuzi na kujiamini. Jambo hili ni pana, nami nitalibana. Sitawasemea watu waliovuka bahari kutafuta maisha Ulaya na Marekani. Hao wana wasemaji wao. Nitazungumza juu ya watu tunaokutana nao kila siku Mwigobero, Kisorya, Buhemba na Bunda mjini, Watanzania wenzetu ambao tukiwa barazani huwaita ndugu, na tukiwa pembeni huwaita watu wa kuja.

Neno hilo, Ndugu Mwenyekiti, linastaajabisha likitamkwa katika Mkoa wa Mara. Hapa wapo Wajita, Wakwaya, Wazanaki, Waikizu, Wakuria, Wangoreme, Waluo na wengine wengi, kila mmoja na lugha yake, na wazee wa karibu kila ukoo husimulia walikotoka. Tunachozungumza sote sokoni ni Kiswahili, nacho kila mmoja wetu amejifunza nje ya nyumba ya mama yake. Mwaka 1934 mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki alitoka Butiama akaja kusoma Mwisenge, hapa Musoma, umbali wa zaidi ya kilomita 40. Alikuwa na umri wa miaka 12, na lugha aliyokuwa akiijua ni Kizanaki. Hapa mjini mtoto yule alikuwa mgeni: alilala bwenini na watoto wa makabila mengine, akajifunza Kiswahili kati yao. Nchi nzima ilikuja kumwita Mwalimu. Wako watu wanaopenda kulisimulia jambo hilo kama muujiza wa akili ya mtu mmoja. Mimi naona ndani yake pia kazi ya bweni na darasa lililowaweka pamoja mwenyeji wa Musoma na mtoto wa kutoka bara, bila kuuliza nani ana haki zaidi ya kukaa benchi la mbele.

Sasa tuwaangalie wageni wetu wa leo. Wa kwanza ni wavuvi wa dagaa. Mvuvi wa dagaa hana makazi ya kudumu kwa sababu dagaa hawana. Huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi ikikomaa kazi husimama. Mwalo ukipungua mavuno, wavuvi hufungasha nyavu wakahamia mwalo mwingine. Vijana huvuka kwa kivuko kutoka Ukerewe mpaka Kisorya, wengine hutoka Mwanza, wengine Rorya. Wa pili ni wachimbaji wadogo wanaofika Buhemba kila uvumi wa dhahabu unapozuka. Wa tatu ni wananchi wa kata ya Nyatwali, Bunda, ambao katika miaka hii ya karibuni walilipwa fidia na kuhama ili kuipisha Hifadhi ya Serengeti. Hao wa mwisho wanastahili tuwafikirie kwa namna ya pekee. Mtu aliyeishi kando ya ziwa, akivua na kulima bustani kwa maji ya ziwa, anapohamia mahali pasipo na maji amepoteza kiwanja pamoja na ufundi wake wote. Fidia humpa mtu bati na saruji, lakini ufundi mpya haumo ndani ya hundi.

Je, jamii huwapokeaje watu hawa? Tabia mbili nimeziona, na zote mbili zina kasoro. Ya kwanza ni ya kumwacha mgeni ajitafutie. Akifanikiwa asemwe kuwa ana ndumba, akishindwa asemwe kuwa mvivu. Ya pili, ambayo huonekana nzuri, ni ya kumtengea mgeni msaada wake peke yake: cherehani zake, semina yake, posho yake. Mwenyeji anayepita akiona hayo naye hana hata jembe zuri hujiuliza kosa lake nini. Hapo chuki hupandwa, na mgeni hupata ujuzi asioweza kuutumia kwa kuwa jirani zake ndio wangekuwa wateja wake.

Hoja yangu ni kwamba mgeni na mwenyeji kila mmoja ana pengo, na mara nyingi kinachoziba pengo la mmoja kiko mikononi mwa mwenzake. Tuchukue dagaa hao hao. Kijana aliyehamia mwaloni anajua taa, wavu na hali ya ziwa. Kinamama wa kijiji ndio wenye nafasi ya kuanikia, na ndio wanaojuana na wachuuzi. Mara nyingi dagaa huanikwa mchangani. Dagaa wa mchangani huokota mchanga, mvua ikinyesha huoza, na wengi wao huishia kuwa chakula cha mifugo kwa bei ya kutupa. Dagaa wale wale wakianikwa juu ya vichanja hupitiwa na upepo juu na chini, hukauka wakiwa safi, na huuzwa kwa ajili ya watu. Kujenga kichanja si elimu ya Chuo Kikuu; ni miti, misumari na wavu chakavu. Lakini kichanja kimoja huhitaji kiwanja cha mwenyeji, wavu wa mvuvi, mtu wa kuonyesha namna kinavyojengwa, na fedha kidogo za kuanzia. Palipo na kutoaminiana, vitu hivyo vinne havikutani, na dagaa huendelea kulala mchangani.

Fedha kidogo za kuanzia zinanifikisha kwenye VICOBA. Wengi wenu mmo humo, kwa hiyo sitaeleza hisa za kila wiki wala mfuko wa jamii. Nataka tulitazame lile sanduku. Lina kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu tofauti, hivyo halifunguliwi mpaka wote wawepo. Halafu kuna vikundi vidogo vya watu watano watano, ambao hudhaminiana mkopo. Utaratibu huu ni mzuri kwa kuwa unamfanya kila mtu awe mlinzi wa mwenzake. Lakini hapo hapo ndipo mhamiaji anapokwama. Nani atakubali kuwa mmoja wa watano na mtu ambaye msimu ukiisha huenda akavuka kivuko na deni? Hofu hiyo si ya kijinga na tusiwatukane wanaoihisi. Lakini tuseme pia kwamba yapo matibabu yake. Mgeni aanze kwa kuweka hisa bila kukopa mpaka tabia yake ijulikane. Mkopo wake ulingane na msimu na ulipwe kabla ya msimu kwisha. Na akishatulia, apewe ufunguo mmoja. Naam, ufunguo. Mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa fedha za watu thelathini hupata kitu ambacho hakuna mkufunzi anayeweza kumwandikia ubaoni. Huanza kusema mkutanoni. Huanza kuuliza hesabu. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikwisha eleza kwamba maendeleo ya kweli ni yale yanayowaongezea watu uwezo wa kuamua mambo yao wenyewe. Na mtu ambaye hajapata kuamua lolote katika kijiji anachoishi, hata ukimpa vyeti vitatu, bado ni mnyonge mwenye vyeti.

Nije kwenye vyuo. Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana katika mji huu mwezi Novemba 1974, na matokeo yake ni Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi iwafikie watoto wote kufikia mwaka 1977, na lililotaka wanaokwenda Chuo Kikuu wapite kwanza kazini kati ya wananchi. Mwaka uliofuata, 1975, vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo Mwalimu alipata wazo lake kutoka vyuo vya aina hiyo nchini Sweden. Leo viko 54 nchini, na mkoa wetu unavyo Musoma, Tarime na Kisangwa kule Bunda. Tunacho pia Chuo cha Maendeleo ya Jamii Buhare, kinachofundisha wataalamu wanaokwenda kufanya kazi na vikundi kama vyenu. Nasikitika kusema kwamba wengi wetu hupita mbele ya mabango ya vyuo hivi kama tunavyopita mbele ya mti.

Sifa ya Chuo cha Maendeleo ya Wananchi ni kwamba kilibuniwa kwa ajili ya mtu mzima aliyekosa nafasi. Kinafundisha useremala, uashi, ushonaji, umeme, kilimo na ufugaji; kina kozi ndefu na kozi fupi; na mpango uitwao Elimu Haina Mwisho umewawezesha wasichana waliokatishwa masomo na uzazi kurudi darasani huku watoto wao wakitunzwa pale pale chuoni. Kwa mhamiaji, chuo cha namna hii kina faida nyingine ambayo haimo katika mtaala. Mtu wa Nyatwali na mtu wa Bunda mjini wakijenga ukuta mmoja kwa muda wa miezi kadhaa, mmoja akichanganya udongo na mwingine akipanga tofali, wakitoka hapo wanajuana. Siku ya kutafuta mdhamini wa VICOBA hawaanzi kuulizana koo zao.

Hapa nina neno la pembeni. Kule Makoko, nje kidogo ya mji huu, kuna shule ya lugha iliyoanzishwa na wamisionari wa Maryknoll, ambayo tangu miaka ya 1960 imekuwa ikiwafundisha Kiswahili wageni kutoka ng'ambo kabla hawajaanza kazi. Ni jambo la busara sana. Mgeni wa ndege hupewa kwanza ulimi, na kazi hufuata baadaye. Lakini mama wa Kikuria wa makamo, asiyejua kusoma, anayehamia Musoma kumfuata mwanawe, nani humpa miezi michache ya kujifunza kusoma ili asidhulumiwe mzani sokoni? Katika miaka ya 1970 jibu lilikuwepo: kila mwenye kujua alimfundisha asiyejua, chini ya mwembe ikibidi, na kwa takwimu rasmi watu wazima wasiojua kusoma walishuka mpaka chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kutoka karibu watu 7 katika kila 10 wakati nchi inafanya sensa ya 1967. Madarasa yale mengi yamekufa, na hatukuyazika kwa sababu hatukutambua yalipokata roho.

Nizungumze kwa kifupi juu ya wahamiaji wa aina nyingine, ambao hawakuifuata dhahabu wala dagaa. Butiama ipo Nyumba Salama ya shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, linaloongozwa na Ndugu Rhobi Samwelly. Nyumba nyingine iko Mugumu, Serengeti. Huko hukimbilia wasichana wanaotoroka ukeketaji, hasa msimu unapowadia katika likizo ndefu ya mwezi Desemba. Sheria ya mwaka 1998 ya makosa ya kujamiiana inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini mtoto anayetoroka usiku hakimbilii kifungu cha sheria, hukimbilia mlango. Akifika hufundishwa, pamoja na mengine, ushonaji, na wazazi wake huitwa ili wapatanishwe naye. Wengine hurudi nyumbani, wengine wazazi hukataa. Kwa hao waliokataliwa kuna swali linalotuhusu sisi majirani: akishajua kushona, nani atampa nguo ya kushona? Binti anayejua kazi katika kijiji kisichompa kazi atarudi kule kule alikokimbia, na safari hii hatakuwa na nguvu ya kutoroka tena.

Ndugu viongozi, sina orodha ndefu ya maombi. Ninalo moja. Kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya kuonekana vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Katika hiyo, kama katika nafasi za chuo, mwombaji huhitaji kutambulishwa na uongozi wa mtaa au kijiji anachoishi. Huko ndiko umangimeza ulikojificha. Kijana wa Ukerewe aliyekaa Kisorya miaka minne, anayelipa michango ya shule na aliyechimba msingi wa zahanati pamoja na wenzake, huambiwa arudi alikozaliwa akaandikiwe barua. Mama wa Nyatwali huambiwa na mtaa wa zamani kwamba amekwisha hama, na mtaa mpya kwamba hajafahamika bado.

Basi naomba mkirudi kwenye matawi yenu mkae na wenyeviti wa mitaa na vijiji, mkubaliane ni muda gani wa kukaa na ushahidi wa majirani wangapi unatosha kumfanya mtu ahesabiwe kuwa wa hapo, na jambo hilo libandikwe kwenye ukuta wa ofisi ili kila mtu alisome, au asomewe. Barua yenyewe ni ya nusu ukurasa. Muhuri mnao.