Vijana Wetu na Mitambo ya Barabara

Barabara ya lami ilipopita katika parokia yetu tulishukuru, na ilikuwa haki kushukuru. Lakini tulihesabu pia: vijana wetu walishika bendera na sepeto; greda, tingatinga na shindilia ziliendeshwa na wageni. Kazi ilipokaribia kwisha, wetu ndio waliotangulia kuachishwa.

Tusidhani kazi hiyo ni ya nguvu tu. Lami humwagwa ikiwa na joto la nyuzi 140 hivi, nayo sharti ishindiliwe kabla haijapoa. Mwendeshaji akisimamisha mtambo juu ya lami ya moto, huacha bonde litakalotuamisha maji. Dereva wa greda naye husoma vigingi vya mpimaji na kuchonga mteremko wa sentimita chache. Huo ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Kijana wetu mmoja alijifunza kuendesha shindilia saa za chakula cha mchana, kwa huruma ya mwendeshaji. Anaiweza. Hana cheti, kwa hiyo hulipwa kama kibarua. Kumbe VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, huwapima na kuwapa vyeti mafundi wa fani kadhaa waliojifunzia kazini. Nani kati yetu alimwambia?

Tunaziomba jumuiya ziandike majina ya vijana wa namna hii, wasichana wakiwemo, na kuuliza katika chuo kilicho karibu fani zilizopo na ada yake. Mfuko wa parokia uchangie nauli. Mnara wa kengele unaweza kungoja.