Shule zilizojengwa kwa kuku na pamba

Vijana wenzangu, ukisikia mbuga ya kitaifa unawaza nini? Simba, twiga, magari ya watalii. Kule Marekani ile idara inayotunza mbuga hutunza pia majumba ya historia, viwanja vya vita, hata madarasa. Leo naongea juu ya madarasa.

Mwanzoni mwa karne iliyopita, mtoto mweusi wa kijijini kusini mwa Marekani alisomea popote: kanisani, kwenye kibanda kinachovuja. Booker T. Washington, aliyezaliwa utumwani kisha akaongoza chuo cha Tuskegee kule Alabama, akamfuata tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, mkuu wa kampuni ya Sears, Roebuck. Wakaanza na shule sita ndogo. Kufikia 1932 yalikuwa yamejengwa majengo zaidi ya 5,300 katika majimbo 15. Nyingi zilikuwa shule, zingine nyumba za walimu na karakana.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo watu huruka. Rosenwald hakulipa yote. Alisema nyinyi mchange, serikali ya pale itoe chake, na mimi niongeze. Sisi tungeiita harambee. Mkulima alitenga kipande cha shamba, pamba yake ikawa ya shule. Akina mama wakauza kuku. Asiye na pesa alileta mbao au mikono yake. Mwisho wa hesabu, watu weusi walikuwa wametoa takriban dola milioni 4.7, na mfuko wa tajiri kama milioni 4.3. Na hawa walikuwa tayari wanalipa kodi! Kodi yao ilikuwa ikijenga shule za wazungu, kisha wao wakachanga tena.

Majengo yenyewe yalipangwa kwa akili. Stima hakuna, kwa hivyo madirisha yalikuwa makubwa, na shule ilielekezwa kufuata jua ili mtoto aone ubao. John Lewis, aliyekuja kuwa mbunge na mpigania haki, alisoma katika mojawapo.

Halafu 1954 Mahakama ya Juu ikaharamisha ubaguzi wa shule. Ushindi, ndiyo. Lakini ubaguzi ulipoanza kuondolewa, shule zilizofungwa zilikuwa hasa za weusi, na maelfu ya walimu wao wakapoteza kazi. Majengo yakageuka maghala, mengine yakaoza. Leo yamebaki kama 500.

Waliosomea humo ndio waliohangaika kuyaokoa. Januari 2021 ikatiwa saini sheria ya kuagiza utafiti, kama baadhi yanafaa kuwa hifadhi ya kitaifa. Utafiti pekee hauanzishi hifadhi, bado inahitajika hatua nyingine.

Mimi naunga mkono, lakini kuna kitu kinanikera. Wanaoipigania wanataka iwe na jina la Rosenwald, na kituo cha wageni kiwe Chicago, pamoja na shule chache za kusini. Mzee alitoa mali yake, apewe haki yake. Lakini waliotoa zaidi ni wale wa pamba na kuku, na wao hawakuwa Chicago. Ningekuwa na kura, ningeweka kituo hicho kijijini, kando ya shule yenyewe, na ukutani niandike majina ya waliochanga, pamoja na alichotoa kila mmoja.