Nakawa: Kumbukumbu za Kodi na Uamuzi wa Afisa

Jengo la ghorofa 22 lililofunguliwa mwaka 2019 huko Nakawa, mashariki ya jiji la Kampala, ndilo makao makuu ya Mamlaka ya Mapato ya Uganda. Wengi wapitao barabara ya Jinja hulitazama na kulihesabu kuwa ni nyumba ya kukusanyia fedha. Kwa hakika fedha zenyewe haziletwi humo; kodi hulipwa benki. Kinachoingia katika jengo hilo, usiku na mchana, ni habari: nani ameingiza nini nchini, kutoka wapi, kwa thamani gani, na amemwuzia nani. Kinachotoka humo ni maamuzi, na maamuzi hayo yanaweza kumwinua au kumwangusha mwenye duka.

Vijana wanaosomea biashara katika chuo cha Makerere kilichopo papo hapo Nakawa hufundishwa kwamba kazi ya mfumo wa habari katika shirika ni kumsaidia kiongozi kuamua. Hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Wangevuka barabara tu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa forodha. Haiwezekani kufungua kila kasha linaloingia nchini. Kufanya hivyo kungesimamisha biashara yote. Kwa hiyo ni lazima mtu aamue ni kasha lipi lifunguliwe na lipi liachwe lipite. Zamani uamuzi huo ulikuwa mikononi mwa afisa mmoja aliyesimama mbele ya mzigo, na mwenye mzigo akiwa kando yake. Hakuna haja ya kueleza yaliyoweza kutendeka baina ya watu wawili hao. Siku hizi tamko la forodha hupitishwa kwanza katika mfumo wa kompyuta uitwao ASYCUDA, uliobuniwa na shirika la Umoja wa Mataifa la biashara na maendeleo, UNCTAD, lenye makao yake Geneva. Mfumo huo hupima hatari ya kila mzigo kwa vigezo vilivyowekwa, kisha huupa rangi. Wa kijani hupita. Wa manjano hukaguliwa hati zake. Mwekundu hufunguliwa. Wa buluu huachwa uende, lakini vitabu vya mwenyewe vitakaguliwa baadaye.

Ubora wa mpango huo unategemea jambo moja ambalo halizungumzwi sana. Afisa aliyefungua kasha jekundu hupaswa kuandika alichokikuta ndani, hata kama hakukuta kosa lolote. Akiandika kwa uvivu kwamba kila kitu ni shwari, au asipoandika kitu, vigezo vya kesho vitajengwa juu ya uvivu wa leo. Kompyuta haina macho ya kuchungulia ndani ya kasha. Hujua yale tu iliyoambiwa.

Hali ni kama hiyo kwa magari yanayobeba mizigo ya nchi jirani. Lori litokalo Mombasa na kupita Malaba au Busia likielekea Kongo au Sudan Kusini halitozwi kodi ya Uganda, kwa kuwa bidhaa zake si za kuuzwa humu. Hapo ndipo wajanja wengine walipopata riziki: mzigo ulishushwa njiani na kuuzwa nchini kimya kimya. Tangu mwaka 2017 Uganda, Kenya na Rwanda zimekuwa zikitumia kwa pamoja mpango wa kufuatilia mizigo kwa lakiri za kielektroniki. Lori likiacha njia yake, au lakiri ikivunjwa, ishara hufika kwa wanaolifuatilia, nao huamua mara moja kama askari wa forodha waende au wasiende. Habari iliyofika kesho yake haina thamani yoyote. Mzigo umekwisha kuuzwa.

Lakini jambo zito zaidi ni la kodi ya ongezeko la thamani, ambayo kiwango chake ni asilimia 18. Mfanyabiashara aliyeandikishwa humtoza mnunuzi kodi hiyo, huondoa ile aliyoilipa yeye mwenyewe aliponunua bidhaa, na tofauti ndiyo huipeleka serikalini. Kila ankara basi ina pande mbili: mauzo ya mmoja ni manunuzi ya mwingine. Kompyuta ikiziweka pande mbili hizo pamoja, na zisilingane, afisa anajua pa kuanzia.

Wataalamu wa uchumi waliozichambua kumbukumbu za kodi hiyo za Uganda za miaka ya 2013 hadi 2016 walizikuta tofauti nyingi za namna hiyo. Sehemu kubwa ilikuwa ya watu waliojipunguzia kodi, kama ilivyotarajiwa. Lililoshangaza ni kwamba hawakuwa wachache walioandika kinyume cha maslahi yao wenyewe, wakalipa kuliko walivyodaiwa. Hao hawakuwa wezi. Walikuwa watu waliochanganyikiwa na hesabu. Afisa ambaye katika kila tofauti anaona mwizi tu, atakuwa ameamua vibaya ingawa tarakimu zilizo mbele yake ni sahihi.

Mpango wa stakabadhi na ankara za kielektroniki, EFRIS, uliowabana kisheria walipa kodi hiyo tangu Januari 2021, umeongeza habari hizo mara nyingi. Sasa mauzo hufika katika kumbukumbu za Mamlaka wakati ule ule yanapofanyika. Mwezi wa Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala, wakiwamo wa Kikuubo, walifunga maduka kuupinga mpango huo na faini zake. Wazee walikumbuka mwaka 1996, kodi hiyo ilipoanzishwa na maduka yakafungwa vivyo hivyo, hata serikali ikalazimika kupandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujiandikisha.

Si kweli kwamba wote waliofunga maduka walikuwa wakikimbia kodi, ingawa wamo waliokuwa wakiikimbia. Chukua mfano wa mama auzaye vitenge, aliyeandikishwa, ambaye hununua kwa mfanyabiashara mkubwa asiyetaka mauzo yake yaonekane. Mkubwa huyo humwuzia mzigo na kumnyima ankara. Mama akibisha, anaambiwa akanunue kwingine. Anaporudi dukani na kutoa stakabadhi kwa uaminifu, kumbukumbu zinaonyesha ameuza bidhaa ambazo hakupata kuzinunua. Hana kodi ya kuondoa. Atailipa yote kutoka katika faida yake ndogo. Naye aliyemnyima ankara hana doa lolote katika kompyuta, kwa sababu hayumo.

Afisa wa Nakawa anayeiona tofauti hiyo ana njia mbili. Anaweza kumwandikia mama barua ya madai asubuhi ile ile, na hesabu ya mwezi wake ikapendeza. Au anaweza kwenda Kikuubo kumwuliza vitenge vile vilitoka ghala gani. Njia ya pili inachukua siku nyingi, na jibu litakalopatikana huenda likamgusa mtu mwenye nguvu.