Jina Lako Liko Wapi? Maneno ya Kamati kwa Wanachama wa Tawi



Haya ndiyo maneno yaliyosomwa mkutanoni Jumamosi chini ya mwembe. Tunayatuma kama yalivyosomwa, kwa sababu wengi wenu mlikuwa matangani siku ile, na wengine mmeyapata kupitia soko, yakiwa yameshaongezwa chumvi. Tafadhali someni mpaka mwisho. Na kama jirani yako hana simu ya kufungua ujumbe huu, msomee.

Wazee wetu, mama zetu, vijana wetu,

Tumewaita kwa ajili ya majina. Hatukuja kumpigia debe mtu, na wawaniaji waliofika leo tumewaomba wakae wasikilize kama wanachama wengine. Nafasi yao itafika.

Tuanze na lile ambalo mmekuwa mkilisema pembeni tangu 2022. Mnaikumbuka siku ya mchujo. Foleni ilianza kabla jua halijatoka. Kuna mama zetu walioacha watoto kwa majirani, na kuna mzee wetu aliyeletwa na bodaboda kwa nauli ya kukopa. Walipofika mezani, karani akapitisha kidole kwenye orodha, akasema: jina halipo. Mwanachama wa tangu tawi hili lina viti vitatu vya plastiki, jina halipo! Tukapiga simu, tukabishana, tukaambiwa tungoje, jua likatua. Watu wakarudi nyumbani na vitambulisho vyao mkononi.

Tangu siku ile sisi kamati tumekuwa tukiwaambia kwamba kosa lilikuwa la wakubwa huko juu. Sehemu yake ni kweli. Lakini sehemu kubwa ilikuwa yetu, na hatujawahi kuisema mbele yenu.

Majina tuliyaandika kwenye daftari la shule, kila mmoja kwa mwandiko wake. Nambari za vitambulisho nyingine zilipungua tarakimu, nyingine zilisomeka vingine. Daftari lilichelewa kufika kwenye afisi ya chama ya kaunti. Na kuna jambo la tatu, ambalo ndilo zito. Kabla ya mchujo, mwaniaji mmoja aliliomba daftari alale nalo usiku mmoja, akasema anataka kuwajua watu wake. Tukampa. Lilirudi asubuhi likiwa salama, hata ukurasa mmoja haukupungua. Lakini kila mtu ana simu yenye kamera. Baadaye baadhi yenu mkajikuta mmesajiliwa chama kingine ambacho hamjawahi hata kuhudhuria mkutano wake.

Hatuna ushahidi kwamba mambo haya mawili yana uhusiano. Hatutamtaja mtu kwa dhana, na tunawaomba nanyi msimtaje. Ila daftari lile lilikuwa na nambari zenu za vitambulisho na za simu, mlituamini nalo, nasi tukalitoa. Aliyelitoa si mtu mmoja, ni kamati hii. Tunawaomba radhi.

Sasa kuna anayeuliza: jina kwenye sajili ya chama lina kazi gani, si kura ni kura tu? Hapana. Tangu Sheria ya Vyama vya Siasa iliporekebishwa mwaka 2022, chama kina njia mbili za kuteua wagombea. Ama wanachama wote walio kwenye sajili wanapiga kura wenyewe, ama wajumbe wachache wanapiga kwa niaba yao. Njia ya kwanza hutumia orodha iliyothibitishwa na Msajili wa Vyama vya Siasa. Kama hauko kwenye orodha ile, hata uimbe nyimbo zote za chama na uvae sare kuanzia kofia mpaka viatu, hutapiga kura. Na wodi yenye sajili iliyovurugika ni rahisi kuambiwa: ninyi hamko tayari, waacheni wajumbe waamue. Mtaletewa mgombea kama mnavyoletewa mvua.

Sheria hiyo pia inasema mtu hawezi kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo ukiwa umeandikwa kwingine bila kujua, kwetu hauhesabiwi.

Wengine mnasema, jina moja ni nini katika wodi nzima. Twendeni Magarini, si mbali, ni kaunti hii hii ya Kilifi. Mwaka 2022 kiti cha ubunge kilitangazwa kwa tofauti ya kura 21. Watu 21 hata matatu mbili za abiria kumi na wanne hawazijazi. Kesi ikapanda ngazi kwa ngazi mpaka Mahakama ya Juu, ushindi ukafutwa, na wananchi wakarudi kupiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Sehemu kubwa ya muhula ilikuwa imeliwa na kesi. Na hicho ni kiti cha ubunge. Kura za wodi ni chache zaidi, na za mchujo wa wodi ni chache kuliko hizo. Mama zetu waliorudishwa siku ile kutoka foleni yetu peke yao wangeweza kubadilisha matokeo. Hatusemi yangebadilika vipi. Tunasema hawakupewa nafasi.

Tufike kwenye lililoleta kelele wiki mbili hizi: mashindano ya mpira.

Vijana, tunajua mmekasirika. Mwaniaji mmoja alijitolea kuleta jezi za timu zote, mipira na kombe. Kamati ikashukuru. Ndipo akatoa fomu. Kila mchezaji aandike jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na kituo anachopigia kura. Tukamuuliza, kituo cha kupigia kura kinamsaidia nini golikipa? Akasema ni utaratibu tu. Tukamwambia alete mipira bila fomu, nasi tutamtangaza uwanjani mbele ya watu kwamba ndiye aliyeileta. Mpaka leo hajarudi, na mpira mmoja hatujauona.

Hatukukataa jezi. Tulikataa fomu. Baadhi yenu hata kitambulisho chenyewe mmekipata juzi, hamjawahi kupiga kura hata mara moja, na tayari kuna mtu anataka kuwaandika kwenye kitabu chake. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa kila mtu haki ya kuambiwa taarifa zake zinachukuliwa kwa kazi gani. Yeye hakutuambia.

Mashindano yatafanyika. Jezi mpya hazitakuwepo. Timu moja itavaa fulana nyeupe, nyingine itavaa yoyote isiyokuwa nyeupe. Waliocheza zamani wanajua mpira ulivyochezwa hivyo, na magoli yalihesabiwa. Mama zetu wa kikundi cha akiba wamesema watauza mahamri na chai, na sehemu ya mapato itanunua mipira miwili. Kuna wanaosema kamati imewanyima vijana riziki. Tumesikia, na hatusemi hawana haki ya kulalamika. Jezi ni jezi.

Kuanzia siku ya soko ijayo tutaweka meza nje ya duka la mbao, asubuhi mpaka adhuhuri, na tutarudia kila siku ya soko mpaka kila mmoja amepita. Vijana wetu wawili watakuwa na simu. Njoo na kitambulisho chako na simu yako. Tutaingia kwenye eCitizen kwa akaunti yako mwenyewe, tuone umeandikwa chama gani. Ukiwa kwetu, vizuri. Kama hauko popote, utasajiliwa hapo hapo ukitaka. Ukikutwa kwingine bila ridhaa yako, tutakusaidia kuandika barua ya kujiuzulu na malalamiko kwa Msajili, na nakala utabaki nayo. Na ukiwa umejiunga kwingine kwa hiari yako, tuambie tu. Hatutagombana, ni haki yako, na mke wako au mumeo hataulizwa.

Kitambulisho chako kitabaki mkononi mwako. Hakuna atakayekipiga picha. Nywila yako uibonyeze mwenyewe, na asiyeweza kusoma aje na mtoto wake au mtu anayemwamini. Daftari jipya litakaa kwa mweka hazina ndani ya sanduku lenye kufuli mbili, funguo moja kwake, nyingine kwa mwakilishi wa akina mama. Mwaniaji akilitaka, jibu ni hapana, hata akiwa ndugu yetu wa tumbo moja. Mkisikia limetoka tena, itisheni mkutano mtuondoe.

Hapo hapo mezani tutawauliza pia kama mmejiandikisha kupiga kura, maana hizo ni sajili mbili tofauti na watu huzichanganya. Ya wapiga kura ni ya IEBC, na usajili wake hufanyika katika afisi yao ya eneo bunge. Uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027. Aliyehama, kwa mfano dada zetu walioolewa kutoka Ganze au Rabai, aombe kuhamishwa kituo mapema. Mwezi wa mwisho foleni huwa haina huruma.

Jambo dogo kabla hatujafunga. Makadirio ya bajeti ya kaunti hupelekwa bunge la kaunti kufikia 30 Aprili, na wananchi hupewa nafasi ya kusema. Kikao kilichopita tulihesabu watu wa wodi yetu waliofika: hawakujaza benchi mbili. Tarehe ya kikao kijacho ikitoka tutaituma hapa. Anayetaka kusema habari ya maji aje, asitutume sisi.

Mechi ya kwanza ni Jumapili saa kumi jioni. Wenye fulana nyeupe za ziada wazilete kwa nahodha.

Maswali tumeni kwa nambari hii hii. Andikeni, au tumeni sauti, ila jamani, zile sauti za dakika kumi hatutaweza kuzisikiliza zote.

Kamati ya Tawi