Mtoto Mkalimani: Familia, Uhamaji na Kupevuka katika Fasihi ya Walatino wa Marekani



Nilipokuwa masomoni Marekani, siku moja niliketi kwenye benchi la zahanati nikingoja zamu yangu. Mbele yangu aliketi mama wa Kikongo, kitenge begani, pamoja na mwanawe ambaye sidhani kama alikuwa ametimiza miaka kumi. Daktari alitoka na faili, akasimama palepale mbele ya watu, akazungumza Kiingereza kwa kitambo: sukari imepanda, figo zimeanza kulemewa, jambo hili si la mzaha, arudi wiki ijayo bila kukosa. Mtoto alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia mama yake: “Mama, banasema unywe dawa, utapona. Turudie wiki yenye iko nakuya.”

Mama akamshukuru Mungu. Mimi niliyezisikia lugha zote mbili nikainamisha kichwa. Habari ya figo ilikuwa imebaki kwa mtoto.

Mhadhara huu ulianzia kwenye benchi lile, ingawa vitabu nitakavyovitaja vimeandikwa mbali na Kiswahili.

Sisi tumezoea kwamba mtu hupevushwa na wakubwa zake. Kuna jando, kuna unyago, kuna kungwi na somo. Mwari huwekwa ndani, akatoka akiwa amefundwa. Anayefunda ameshaijua dunia ambayo anayefundwa anaiingia. Familia inapohama, mpango huo huvurugika. Mama naye huwa mwari. Hajui barua ya mwenye nyumba inasema nini, hajui karani ameuliza nini, hajui mwalimu analalamikia nini. Anayejua ni mtoto. Ninachodai leo ni kwamba katika fasihi ya Walatino, mtoto hupevuka siku ile anapoamua, kwa mara ya kwanza, lipi alifikishe kwa mzazi na lipi alimeze. Na mara nyingi mwandishi huzaliwa siku hiyohiyo.

Kwanza nitoe tongotongo moja. Si Walatino wote wa Marekani waliohamia huko. Mwaka 1848, kwa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Meksiko iliyoshindwa vitani ilikabidhi eneo kubwa la kaskazini yake, na watu waliolala Meksiko wakaamkia Marekani bila kuhamisha hata chungu. Wapuerto Rico nao ni raia wa Marekani tangu 1917; wakipanda ndege kwenda New York, kisheria hawavuki mpaka wa nchi. Wengine walichukuliwa kutoka Meksiko kama vibarua wa mashambani chini ya mpango wa Bracero, ulioanza 1942 na kufungwa 1964. Tofauti hizi si za wanasheria tu. Zinaonekana hadi kwenye namna mtoto anavyokua ndani ya riwaya.

Chukueni Bless Me, Ultima ya Rudolfo Anaya, ya mwaka 1972. Tuko New Mexico, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Familia haikuhama, mpaka ndio uliohama. Na tazameni: humo kungwi yupo! Ni bibi kizee Ultima, mganga wa mitishamba na mkunga, anayekuja kuishi na familia ya Antonio, mtoto wa miaka saba hivi. Ndiye aliyemzalisha mama yake. Ukoo wa baba, wafuga ng’ombe wa mbugani, na ukoo wa mama, wakulima wa bondeni, wanagombania mtoto atakuwa nani, na ugomvi wenyewe ni juu ya kondo la nyuma, kwamba lifanywe nini. Ultima analichukua akalizike mwenyewe. Msomaji wa pwani ambaye kitovu chake kimezikwa mahali hahitaji tanbihi hapo. Antonio ana maswali makubwa, tena ya kutisha, lakini ana pa kuyapeleka.

Mtoto wa kitabu cha Tomás Rivera hana pa kuyapeleka. Rivera alizaliwa 1935 Crystal City, Texas, katika familia ya vibarua waliofuata mavuno kaskazini mwaka hadi mwaka. Kitabu chake cha 1971, kilichoandikwa kwa Kihispania, kina kisa cha kijana ambaye baba yake anaangushwa na jua shambani. Kijana anamuuliza mama: kwa nini sisi? Mama ana jibu moja tu, la kumwachia Mungu. Kisha mdogo wake naye anaanguka. Kijana anambeba kumrudisha nyumbani, na njiani, kwa hasira, anamlaani Mungu. Amefundishwa kwamba ardhi humfumbukia mwenye kusema hivyo, akangoja immeze. Haikummeza. Anaipiga teke, anaiona ni ngumu tu. Tafsiri ya dunia aliyopewa na mama yake imeshindwa kazi, naye hana nyingine ila atakayoitunga. (Kwa kuwa hapa ni chuo, niongeze: kibarua yule wa zamani alikuja kuwa mkuu wa tawi la Riverside la Chuo Kikuu cha California, akafia kazini 1984.)

Sasa turudi benchini. Esmeralda Santiago alitoka Puerto Rico kwenda Brooklyn mwaka 1961 akiwa na miaka kumi na mitatu, kifungua mimba wa mama ambaye hatimaye alipata watoto kumi na mmoja. Katika kumbukumbu zake za 1993, When I Was Puerto Rican, mama anashonea viwandani, na kazi inapokatika anakwenda ofisi ya msaada wa serikali. Esmeralda anamtafsiria kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Wanawake wengine kwenye foleni wanasikia, nao wanamwomba awasaidie. Baadhi yao lafudhi zao si za Puerto Rico, ila wanadai ni Wapuerto Rico, kwa sababu Mpuerto Rico ni raia. Binti anajua au anahisi. Karani anangoja. Aseme nini?

Ningeweza kuutumia mhadhara mzima kwenye dakika hiyo. Binti huyo hajafundwa na mtu, lakini ameshika riziki ya mtu mzima ulimini. Akitafsiri neno kwa neno, mama wa watu anarudi nyumbani mikono mitupu. Akipindisha, yeye ni mwongo mbele ya serikali ambayo hajaizoea. Hakuna kungwi anayefunda somo la namna hiyo. Na angalieni kwamba ujuzi anaouzoea hapo, wa kusikia lafudhi, kupima kinachosadikika na kuteua neno, ndio ujuzi wa mtunzi wa hadithi.

Julia Alvarez analionyesha jambo hili kwa ucheshi zaidi. Riwaya yake ya 1991, How the García Girls Lost Their Accents, inakwenda kinyumenyume, kutoka utu uzima kurudi utotoni, kama mtu anayefumua mshono. Familia ya García imemkimbia dikteta Trujillo wa Jamhuri ya Dominika. Huko New York, binti wa tatu, Yolanda, anachaguliwa kutoa hotuba shuleni mbele ya walimu. Anaandika hotuba ya kujiamini, mama anaisifu. Baba anaisikia na kuiona ni utovu wa adabu kwa walimu. Anaichukua na kuichana vipande vipande. Binti, kwa uchungu, anamwita baba yake Chapita, jina la kejeli alilopachikwa Trujillo. Neno moja. Lakini ni neno la nchi ya baba, si la Kiingereza cha shule, na ndiyo sababu linampata penyewe. Usiku huo mama na binti wanaandika hotuba nyingine, fupi, ya kuwapaka walimu mafuta, nayo inapigiwa makofi mengi. Baadaye baba, asiyejua kuomba radhi kwa maneno, anamletea mwanawe taipureta ya umeme.

Sitawaficha kwamba wapo wanaoona kuwa kuiacha lugha ya nyumbani, pamoja na hasara yake, ni jambo la lazima. Richard Rodriguez, katika Hunger of Memory ya 1982, anasimulia jinsi watawa wa shule yake Sacramento walivyokwenda kuwaomba wazazi wake waongee Kiingereza na watoto. Wazazi walitii, na nyumba ikapoa. Yeye anashikilia kwamba ilipasa iwe hivyo, na Wachikano wengi, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko, hawakumsamehe. Mimi pia sikubaliani naye. Hata hivyo, simjui aliyeeleza bei ya jambo hilo kwa uaminifu kama yeye: baba ambaye kwa Kihispania ni bwana wa maneno, kwa Kiingereza ni mtu mkimya mezani.

Nimemweka Sandra Cisneros mwisho kwa makusudi. The House on Mango Street ilitolewa 1984 na Arte Público Press ya Houston: sura 44 fupifupi za Esperanza, binti wa Chicago. Humo yumo mama mmoja aliyeletwa kutoka nchi yake, anayeshinda ndani na redio ya Kihispania na kukikataa Kiingereza katakata, mpaka siku mwanawe mchanga anapoanza kuimba tangazo la soda kwa lugha hiyo. Na imo sura ya baba. Alfajiri anakuja kitandani kwa Esperanza kumwambia kwamba babu yake huko Meksiko amefariki, halafu, kana kwamba ndiyo kwanza ameisikia habari ile, anaanza kulia. Esperanza hajawahi kumwona baba akilia. Kwa kuwa ndiye mkubwa, baba amemwambia yeye kwanza, na sasa ni juu yake kuwaeleza wadogo zake, na kuwaeleza kwa nini leo hawatacheza.

Baba anasema habari hiyo kwa Kihispania ndani ya kitabu cha Kiingereza, na kwa wanafunzi wetu wa tafsiri hapo ndipo kazi ilipo. Kihispania kinatamka kifo bila kuzunguka. Kiswahili kinaweza pia, lakini nani kati yetu humwamsha mwanawe alfajiri akamwambia “babu amekufa”? Tunasema ametutoka. Tunasema babu hatunaye. Ukiandika “amekufa” umemtii mwandishi na kumfanya baba kuwa mkavu. Ukiandika “hatunaye” umemstahi mtoto na kufunika kitu ambacho mwandishi alikiacha wazi.

Sura yenyewe haizidi kurasa mbili. Ofisi yangu iko wazi Jumatatu kuanzia saa nne asubuhi. Njooni na tafsiri mbili: moja ya kumpa mwalimu, nyingine ambayo ungeweza kumwambia mdogo wako.